Pima Tatu za Mkanda

Siki ndiyo iliyotangulia. Iliingia sebuleni kwangu kabla wale vijana wawili hawajamaliza kupiga hodi, nikadhani mjukuu kaangusha chupa jikoni. Kumbe ni mizigo yao: makopo matatu ya bati, ya mviringo, yamekula kutu, wameyafunga kwenye kitambaa kama mtu anayepeleka vitumbua msibani. Yule binti akaniamkia kwa adabu, akakaa, akanieleza kwamba mkanda wa sinema ukizeeka huoza, ukioza hunuka siki, na ukishaanza kunuka hivyo hauna siku nyingi.

"Na mimi nimeshaanza kunuka nini?" nikamwuliza.

Wakacheka, yeye na mwenzake wa kiume aliyebeba kompyuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaliona lile kopo la katikati, lililobonyea ukingoni.

Walikuwa wametoka Vugiri, kwa ndugu wa marehemu Mzee Athumani. Kazi yao ni kutafuta sinema za zamani, zile fupi zisizo na sauti, wazisafishe, waziokoe kabla hazijaisha. Kule juu waliambiwa nendeni Mkata, muulizeni yule bibi wa mikeka, utotoni alikuwa hatoki chumbani kwa mzee. Nao wakaja.

Niseme mapema kwamba mimi si mwandishi. Nimeishia darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Nilicho nacho hapa Mkata, nyumba, mashine ya kukoboa, duka la mikeka na vikapu pale mabasi yanaposimama, nimekipata kwa vidole hivi kumi. Mume hakunipa, serikali haikunipa. Kwa hiyo nikisema nilifanya jambo, jueni nimelifanya, na simwombi mtu anihurumie. Ninyi wa umri wangu mliokulia makambi ya mkonge mtanielewa upesi kuliko hawa watoto.

Baba alikuwa mkata mkonge katika shamba moja kubwa, Korogwe ya bondeni. Jina la shamba siliandiki. Tulitoka Sindeni mimi nikiwa mgongoni. Wanawake wengi wa kambini walianika singa, zile nyuzi nyeupe za mkonge zinazotoka kwenye mtambo tuliouita korona, lakini mama alikataa. Yeye alisuka. Ukindu aliutoa kando ya mto, akaukausha, akauchana kwa kijisu, akauchemsha na rangi ili ulainike na ukubali mkono, ndipo akasuka ukili, ule utepe mrefu, halafu akaushona ukawa mkeka au kikapu. Mimi nilishika ukindu kabla sijashika kijiko. Vipimo vyetu vilikuwa pima: nyosha mikono yote miwili, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, hiyo moja. Mpaka leo mteja akija na futi yake namwambia airudishe mfukoni.

Jumapili korona ililala. Baada ya adhuhuri tulijazana kwenye stoo ya singa, wakubwa kwa wadogo. Milango ikafungwa, matundu ya bati yakazibwa kwa singa mpaka ndani pakawa giza mchana kweupe. Joto lake! Bati juu, pumzi za watu chini, harufu ya singa kavu na mafuta ya mashine na jasho la wiki nzima. Ukutani shuka jeupe. Nyuma yetu, juu ya meza, mashine ya sinema, na nyuma ya mashine Mzee Athumani.

Alikuwa fundi wa korona, Mshambaa wa Vugiri, mrefu, mkimya siku sita. Siku ya saba alikuwa na midomo ya watu mia. Sinema zake zilikuwa bubu, za kale hata kwa wakati ule. Aliziacha meneja mmoja Mzungu aliyeondoka zamani, na hapakuwa na mwingine aliyezitaka. Fupi fupi. Mtu anapaka chokaa, anatumbukia kwenye pipa. Bwana na bibi wanagombania mwavuli, upepo unawacheka. Midomo inakwenda, sauti hakuna. Basi yeye ndiye aliyewasemea, Kiswahili na Kizigua na Kishambaa chake humo humo. Yule mnene wa pipa alimpa sauti ya nyapara wetu, na nyapara mwenyewe amekaa mbele na tumbo lake.

"Nani kaweka pipa hapa? Nauliza, nani? Leo kipande chake cha kazi hakiandikwi, analala njaa!"

Stoo ililipuka kwa kicheko. Nyapara naye akacheka, afanyeje.

Mimi niliamini zile sauti ni zao hasa, kwamba wenyewe walipoondoka walimwachia azitunze kifuani. Jumapili moja alikuwa na mafua, na watu wote ukutani wakawa na mafua. Nikamwambia dada yangu, umeona?

Baadaye gari la sinema lilianza kupita na picha zinazosema zenyewe, na vijana wa kambi wakaanza kumdharau. Yeye hakugombana nao. Alisema, "Hizo zinakusemesha kabla hujatazama." Nilikuwa mdogo, lakini neno hilo niliona lina ukweli. Kwenye zile bubu ulitazama mpaka kidole cha mtu. Ulijua bibi wa mwavuli amekasirika kwa jinsi alivyoshika kiuno, hukuhitaji kuambiwa.

Siku za kazi, alasiri korona ikizimwa, nilikwenda chumbani kwake. Hakunifukuza. Alikaa na kitambaa laini, anavuta mkanda taratibu, anaufuta vumbi, anatafuta palipochanika. Mkanda, alisema, haupendi jua, haupendi vumbi, haupendi mkono wa jasho. "Ushike kingo tu. Ukimshika mtu usoni atakuheshimu?" Palipochanika alikata, akakwangua ncha kwa wembe, akapaka gundi yenye harufu ya ndizi iliyoiva sana, akabana, akahesabu mpaka ishirini. Akanifundisha. Vidole vyangu vilikuwa vyembamba na havitetemeki, na baada ya mwezi viungo vyangu vilipita kwenye mashine bila kukwama. "Huyu ana mkono," alimwambia baba. Jioni ile nilipewa mnofu.

Mkanda una mwanzo na mwisho mweusi, mtupu, usio na picha. Aliuita mkia. Ukichakaa aliukata akanipa, nami nikasuka vikuku vya kung'aa kwa wasichana wa kambi nzima. Ndipo nikaanza kutaka zaidi. Nilitaka kikapu kizima cha mkanda, na katikati yake mstari wa watu.

Sasa, kulikuwa na lile kopo lililobonyea. Humo mlikuwa na sinema moja ambayo si ya Wazungu. Yule meneja wa zamani aliipiga hapo hapo shambani: wanawake wanaanika singa kwenye nyaya. Wanawake kama sisi, khanga kama zetu. Mmoja, msichana hasa, anainua fungu la singa, anatambua kwamba anatazamwa, anageuka, anacheka, anajiziba mdomo kwa upindo wa khanga. Basi, hayo tu, kisha wanaonekana wengine. Mzee Athumani aliwasemea wote, masengenyo yao ya kisimani na waume zao walevi, watu wakavunjika mbavu. Akifika kwa yule msichana alinyamaza. Ilisikika mashine peke yake, ta-ta-ta-ta, mpaka apite.

Nilimwuliza.

"Babu, kwa nini huyu humpi sauti?"

"Yupi?"

"Huyu wa khanga. Wote unawasemea, yeye unamwacha bubu."

Alikuwa anafuta lenzi. Hakuinua macho. "Huyu anasema mwenyewe."

"Mbona mimi simsikii?"

"Hasemi na wewe."

Niliudhika, nawaambia kweli. Mimi, mwenye mkono, ninayekaa naye kila siku, nisisemeshwe? Nikaona msichana yule ana maringo, na dawa ya mwenye maringo ni kumchukua ukae naye karibu.

Alasiri moja alikwenda kutawadha, akaniacha na makopo. Nikafungua lile. Nikavuta mkanda mpaka nikampata, nikauinua mbele ya dirisha. Hapo ndipo akili yangu ya kitoto ilipofanya hesabu yake. Nilimwona yule msichana, na chini yake nikamwona tena, na chini tena, na tena, visanduku na visanduku, yule yule, singa ile ile, khanga ile ile. Mia! Mia mbili! Nikashangaa, mtu mmoja wa nini mara zote hizo? Nikajijibu: ni akiba. Kama mbegu. Mkulima hapandi punje moja. Nikisema nichukue kidogo, nani atajua? Nikanyosha mikono. Pima moja. Pima mbili. Pima tatu, za mikono ya mtoto. Nikakata kwa kijisu cha ukindu, nikakwangua, nikapaka gundi, nikabana, nikahesabu mpaka ishirini. Aliporudi nilikuwa nimeshakaa na kopo limefungwa, na mkanda umelala kiunoni chini ya khanga yangu, wa baridi.

Nyumbani nilijaribu kuusuka, ukakataa. Mikia ilikuwa imechakaa ikalainika, lakini huu mkavu ulikuwa mkaidi, unaukunja huku unafunguka kule. Ukindu ukikataa mama hufanyaje? Huchemsha. Mama alikuwa mtoni. Nikatia maji sufuriani, nikawasha kuni, nikautumbukiza, nikakoroga kwa mwiko.

Niliona maji yanageuka rangi ya majivu. Niliuinua mkanda kwa mwiko na wale wasichana wakaanza kulegea, wakateleza kutoka kwenye visanduku vyao kama utando wa maziwa, wakaning'inia, wakadondoka. Mwiko ukawa na ute mweusi. Nilipousuuza mkanda ulikuwa mtupu kabisa, mweupe kama kioo, unaona vidole vyako upande wa pili. Nililia kidogo. Kisha nikapata jibu, watoto hawakosi jibu: wameogopa moto, wamekimbia, wamerudi kwa wenzao kwenye kopo. Nikamwaga yale maji chini ya migomba.

Ninachosema sasa ndicho kinachonichoma kuliko wizi wenyewe. Kikapu kilitoka kizuri. Mikia myeusi chini na juu, na katikati mstari wa kioo unaoshika jua. Mama alikigeuza-geuza.

"Umepata wapi huu mweupe?"

"Mikia ya Babu Athumani."

Akakitundika mlangoni, na watu wakaja kukitazama. Gulioni waliniita binti wa kikapu cha kioo, mpaka wa Sindeni walikuwa wanaulizia. Sifa yangu ya kusuka, hii iliyonijengea nyumba, ilianzia pale, kwenye sufuria lile.

Jumapili ikafika. Pipa, mwavuli, vicheko. Kisha wanawake wa singa. Mzee Athumani akawasemea, watu wakacheka, na akanyamaza kama kawaida yake kumngoja. Msichana akainua fungu la singa. Na palepale, kabla hajageuka, hayupo. Waya unabembea, wanawake wengine wanapita. Mashine iliendelea, ta-ta-ta-ta, naye bado amenyamaza, anangoja. Mtu mmoja akapiga kelele, "Fundi, umelala?" Wakacheka.

Alizima. Alifungua milango mwenyewe, mwanga ukatuchoma macho. Akauvuta mkanda, akautembeza kati ya vidole mpaka akagusa kiungo. Alikitazama muda mrefu. Nilikuwa namtazama yeye, nikingoja anitazame. Wala. Akasema taratibu, kama anayesoma barua, "Hapa nilipaunga mimi. Wiki ile macho yalipokuwa yananiuma." Ndipo akanigeukia.

"Mama, katika ile mikia niliyokupa, hukuona wenye picha?"

Aliniita mama. Kwetu mtu mzima akimwita mtoto hivyo, amemwomba.

"Sikuona, babu."

"Hata kidogo?"

"Ilikuwa myeusi yote."

Akaamini. Akapiga magoti, yeye mtu mzima, akaanza kufunua singa sakafuni, fungu kwa fungu. Watoto tukaambiwa tusaidie. Tukatambaa stoo nzima, tukatoka mpaka jalalani nyuma ya korona. Wenzangu wakachoka, wakaitwa kula bada, ule ugali wa muhogo, wakaenda. Mimi sikuthubutu kuondoka. Nilitambaa mpaka ngozi ya magoti ikachubuka, natafuta kitu ambacho kimetundikwa mlangoni kwetu. Kila nilipoinua kichwa yeye alikuwa bado anatafuta, nami nikainamisha.

Usiku huo huo nilimsikia mama akimwambia baba, "Masikini. Si ndiyo picha pekee ya marehemu mkewe?" Baba akasema, "Alikufa na mimba yake, hata sanda waliazima." Nikiwa kwenye mkeka nikaelewa kila kitu kwa mara moja: kunyamaza kwake, na lile neno lake, hasemi na wewe. Nikafikiria ule ute kwenye mwiko. Mwiko huo huo ndio tuliopakulia bada.

Ningeweza kusema asubuhi. Sikusema. Gulio lililofuata mama alikiuza kikapu kwa msafiri wa treni, nami nikashukuru kimoyomoyo kwamba kimekwenda mbali. Mzee Athumani hakuonyesha tena ule mkanda. Alisema kama mkono wake mwenyewe unamkata mkewe bila kujua, bora kopo lisifunguliwe. Baada ya mvua mbili hivi hakuonyesha tena hata wa pipa. Akaacha kazi, akapanda zake Vugiri na makopo yake. Aliyakumbatia kwenye lori.

Nilikua. Nilisuka, nikauza, nikajenga. Nilipokuwa na watoto wanne na jina langu linajulikana mpaka Handeni mjini, nikasema sasa naogopa nini? Nikachukua mkeka bora kuliko yote niliyowahi kushona, nikapanda Vugiri. Nilimkuta kando ya moto, blanketi mabegani, macho yamekwisha.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Binti wa msuka mikeka, wa kambini."

Uso wake ulifunguka. "Aa! Wa magoti!"

"Magoti gani, babu?"

"Si wewe uliyebaki siku ile? Wenzako wote walikwenda kula, wewe magoti yanatoka damu. Nilisema, huyu Mungu atampa. Amekupa?"

"Amenipa."

"Nilijua." Akapapasa, akanishika mkono. "Nilimkata mke wangu Zaina kwa mkono wangu, mjukuu wangu. Mtu akifiwa mara ya kwanza atasema ni kazi ya Mungu. Hii ya pili nitamsingizia nani?"

Neno lilikuwa ulimini. Nilikuwa nimelibeba toka Mkata, njia nzima. Mpwa wake akaleta chai, nikamshukuru, nikanywa. Mzee akaniuliza, "Wewe ulikuwa na macho ya mtoto. Hebu nikumbushe, aligeukia kulia au kushoto? Imeanza kunipotea."

"Kulia, babu," nikasema.

Sikujua. Nilisema tu. Akafumba yale macho yasiyoona, na nikamwona anamgeuza kichwani mwake, taratibu, upande wa kulia. Nikamwachia mkeka, nikaondoka. Alifariki mwaka huo huo, na walimlaza juu ya mkeka ule kabla ya kumzika. Waliniletea habari hiyo kama zawadi.

Basi, juzi hawa vijana wamekaa sebuleni kwangu na siki yao. Mikanda ya pipa na ya mwavuli imeoza, walisema, ni donge tupu. Wa singa umepona, labda kwa sababu haukufunguliwa. Wamekwisha kuuhamishia kwenye kompyuta. Kijana akaifungua, nikawaona wanawake wa singa baada ya miaka yote hii, wako vile vile, wananyonga viuno. Msichana akainua fungu lake. Hayupo. Waya unabembea.

Kijana akasimamisha. "Hapa ndipo tulitaka kukuuliza, bibi. Pamekatwa. Lakini tazama palivyoungwa." Akanionyesha picha aliyoikuza, kile kiungo, kimenyooka kama kamba ya fundi. "Tumeona mikanda mingi. Viungo vya zamani hivi huwa vimeachia. Hiki hakijasogea hata kidogo. Yule mzee alikuwa fundi hasa."

"Si mzee," nikasema. "Ni mimi."

Nilisikia sauti yangu mwenyewe. Mungu anisamehe, haikuwa ya toba. Ilikuwa ya mtu aliyeona kazi yake inasifiwa kwa jina la mwingine. Magoti yaliyochubuka hayakunitoa neno, yule kipofu kando ya moto hakunitoa neno, limenitoka kwa kiburi. Lakini lilipotoka la kwanza, mengine yakafuata, nikawasimulia kama ninavyowasimulia ninyi, mpaka sufuria.

Binti akauliza kwa upole, "Alikuwaje yule msichana, bibi? Wewe ndiye pekee uliye hai uliyemwona."

Nikafungua mdomo. Naweza kuwaambia kikapu kilivyokuwa, ukili wake wa nyuzi ngapi, mshono wake ulianzia wapi. Upindo wa khanga naukumbuka. Vidole vilivyoushika navikumbuka. Uso, hapana. Nilimwona mara mia mbili pale dirishani, na nilikuwa napima.

"Sina," nikamwambia.

Kijana akakohoa, akavuta kompyuta. "Basi hapo kwenye pengo tunaweka maandishi, bibi, ili mtazamaji aelewe. Tulikuwa tumeandika: sehemu hii imepotea."

"Futa."

"Bibi?"

"Haikupotea. Kitu kikipotea hakina mwenye kosa. Yule mzee amekufa akidhani ni mkono wake, na wewe unataka kumwacha hivyo? Andika imekatwa, ikachemshwa."

Kijana alitaka kucheka, akamtazama mwenzake, akaacha. "Watu wataona ajabu."

"Waone. Na uandike na aliyefanya."

"Tuweke jina lako kabisa?"

"Langu, na la baba yangu."

Akaandika. Nikavaa miwani, nikamwambia anigeuzie kioo nione. Nilisoma herufi moja moja kwa kidole, kwa elimu yangu ile ya darasa la pili. Jina la baba alikuwa amelikosea. Nikamwambia arekebishe.